Mwalimu na mzazi: tutaongea nini pesa ikiondoka katikati?



Mara hii ukurasa wetu wa Kiswahili hauzungumzi mishahara wala zamu za usiku. Tunazungumza jambo linalowagusa karibu wanachama wote wa sendika: namna mwalimu anavyoongea na mzazi wa mtoto anayemfundisha. Walimu wamo katika sendika, na wazazi wamo. Huyu anafundisha mtoto wa yule. Lakini wakikutana njiani mara nyingi husalimiana upesi na kupita, kila mmoja akiogopa kwamba mwenzake atataja pesa.

Sisi tunaoandika hapa, kazi yetu ni kukusanya wafanyakazi na kutetea haki zao. Tulisoma mpaka darasa la sita, basi. Hatukuja kumfundisha mwalimu kazi yake. Lakini kuitisha mikutano, kumtembelea mtu nyumbani kwake, kumwambia mwenzetu habari ngumu bila kumvunjia heshima, hayo tumeyafanya kila wiki kwa miaka mingi. Tena sisi ni wazazi wa aina ile ambao karatasi ya shule inawafikia, wanaitazama, halafu wanaiweka juu ya kabati. Kwa hiyo tunajua habari ya pande zote mbili.

Makaratasi matatu

Mwanachama mmoja wetu, anayefanya kazi ya mgodi hapa Haut-Katanga, alikuwa na binti katika darasa la nne. Siku moja mtoto alileta karatasi kutoka shuleni. Ilikuwa ya Kifaransa, ina muhuri, na juu yake neno moja kubwa ambalo baba alilitambua: konvokasio. Alijua neno hilo kwa sababu ndilo linaloandikwa na polisi na ofisi ya kartie wanapomwita mtu ajibu mashitaka. Akafikiri, "Ni deni." Mwezi ule hakuwa na kitu. Akaikunja karatasi.

Baada ya wiki tatu ikaja ya pili. Baada ya Krismasi ikaja ya tatu. Baba akaanza kutoka nyumbani kabla ya alfajiri na kupita barabara ya nyuma, asikutane na mwalimu. Mwalimu naye akaona, "Mzazi huyu hajali mtoto wake," akaacha kuandika.

Mwezi wa Julai mtoto akashindwa, akaambiwa arudie darasa. Wakubwa zake wakaanza kumwita mjinga.

Mwezi wa Agosti wanaume hao wawili wakajikuta kwenye benchi moja katika kilio cha jirani. Usiku wa kilio ni mrefu, watu huongea. Mwalimu akauliza, "Papa, mbona hukuja? Nilikuandikia mara tatu." Baba akajibu kwa haya, "Mwalimu, sikuwa na pesa." Mwalimu akashangaa: "Pesa gani? Nilitaka kukuambia kwamba mtoto haoni ubaoni. Nilimweka benchi la mbele, bado anakunja macho. Nilitaka umpeleke apimwe."

Miwani ilipatikana mwezi uliofuata. Mwaka uliopotea haukurudi.

Tunaomba msomaji aangalie vizuri habari hii. Hapa hapana mtu mbaya. Mwalimu aliona shida ya mtoto, akaandika, tena mara tatu. Baba alimpenda binti yake. Kilichokosekana ni maneno ya kufika kutoka kwa huyu mpaka kwa yule.

Ugonjwa huu ulitoka wapi?

Wazee waliokaa katika kambi za migodi wanakumbuka wakati mwalimu na mzazi waliishi kambi moja. Walichota maji kwenye bomba moja, wake zao walikutana sokoni. Mtoto akitoroka darasani asubuhi, jioni baba amekwisha kusikia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mambo yaliharibika. Fedha ya Zaire ilianguka, mshahara wa mwalimu ukawa hauna maana, walimu wakagoma, na serikali haikuwa na jibu. Ili shule zisife, wazazi walikubali kumlipa mwalimu wao wenyewe. Ndiyo primi ile tuliyoijua wote. Ilisemwa ni dawa ya muda mfupi. Ikakaa miaka zaidi ya ishirini na mitano.

Primi iliokoa shule, tusiikane. Lakini iliharibu maongezi. Katika miaka yote hiyo, mwalimu alipomtafuta mzazi ilikuwa kwa ajili ya pesa. Mzazi alipomwona mwalimu alikumbuka pesa. Mtoto alikaa katikati kama rehani, akifukuzwa darasani mwezi wa deni na kurudishwa mwezi wa malipo. Kizazi kizima cha wazazi kilijifunza kwamba karatasi ya shule ni hati ya deni.

Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 43, ilikuwa imesema kwamba masomo ya msingi katika shule za serikali ni ya lazima na ni ya bure. Maneno hayo yalingoja mpaka Septemba 2019 ndipo serikali ilipoanza kuyatimiza. Watoto wengi waliokuwa nyumbani wakaingia shuleni. Madarasa yakafurika. Walimu wengi wapya wakafanya kazi muda mrefu bila jina lao kuingia katika orodha ya mishahara. Hayo tumeyapigania na tunaendelea kuyapigania.

Lakini kuna jambo tulilolisahau. Sheria iliondoa minervali katikati ya mwalimu na mzazi, na hapakuwa na kitu kingine cha kuweka mahali pake. Tuligundua kwamba hatuna maongezi mengine. Ndiyo maana tunasema: lazima tuyaanze upya, na mwenye kuweza kuyaanza ni mwalimu, kwa sababu yeye ndiye anayemwona mtoto darasani kila siku.

1. Neno la kwanza liwe jema

Katika kazi ya sendika tumejifunza jambo moja. Ukimfikia mfanyakazi mara ya kwanza kumwomba mchango, hatakufungulia mlango mara ya pili. Ukimfikia kwanza kumwuliza hali ya kazi yake, hata mchango utaongea naye baadaye.

Mwalimu afanye vivyo hivyo. Katika majuma ya kwanza ya mwaka, kila mzazi apate neno moja jema juu ya mtoto wake, kabla ya shida yoyote kutokea. Neno liwe la kweli na liwe dogo: "Mama, mtoto wako anaimba vizuri." "Papa, kijana wako alimsaidia mwenzake aliyeanguka." "Hesabu zake za leo zote sawa."

Mwalimu atasema, "Nina watoto sabini, nitafanyaje?" Tuhesabu pamoja. Akituma neno kwa wazazi wawili tu kila siku ya masomo, siku 35 zinatosha watoto wote 70. Hiyo haijafika mwisho wa muhula wa kwanza. Maneno mawili yanachukua dakika tano wakati watoto wanatoka.

Mzazi aliyepata neno jema, siku akiitwa kwa shida atakuja. Anajua mwalimu huyu anamwona mtoto wake mzima, siyo makosa yake peke yake.

2. Lugha iwe ile ya nyumbani

Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi yetu, na tunataka watoto wetu wakijue barabara. Lakini Katiba inataja pia lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Sheria ya masomo ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za mahali zitumike hata katika kufundisha. Kama lugha hizo zinafaa kumfundishia mtoto, zitakosaje kufaa kumwitia baba yake?

Wapo walimu wanaoogopa kwamba wakiandika Kiswahili mzazi atawadharau. Ndugu walimu, hofu hiyo muiweke kando. Mzazi anayejua Kifaransa hatapungukiwa kitu akisoma Kiswahili. Asiyekijua atafurahi. Na Kiswahili kiwe kile cha kila siku, siyo cha kutafuta maneno makubwa katika kamusi.

Tena, mwalimu asimfanye mtoto kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Tumeona buletini iliyosomewa mama na mwanawe, na alama 34 ikasomwa 84. Mama akampikia kuku. Tulicheka, lakini mama huyo alipokuja kujua, alilia. Kama mzazi hajui kusoma, mwalimu ampe habari kwa mdomo, au wachague pamoja mtu mzima wa kuaminika.

3. Karatasi isimtishe mtu

Neno konvokasio tungelipenda liachiwe polisi. Shule iandike "mwaliko". Na mambo manne yawemo katika kila mwaliko: unaitwa kwa jambo gani, ni la pesa au si la pesa, saa gani, na kama huwezi saa hiyo ufanye nini. Karatasi ya yule binti ingeandikwa hivi:

"Papa na Mama, jambo. Hii si habari ya pesa, na mtoto wenu hana kosa. Naona hasomi vizuri ubaoni, nataka tuongee juu ya macho yake. Nipo shuleni Jumatano baada ya masomo na Jumamosi asubuhi. Kama siku hizo ni ngumu kwenu, mtumeni mtoto aniambie siku yenu. Mimi mwalimu wa darasa la nne."

Ni mistari mitano. Baba yule angeisoma, na kama hakuweza, jirani angemsomea bila aibu. Angefika Jumamosi ile ile.

Karatasi nayo isikabidhiwe mtoto ikafikiriwa kazi imekwisha. Ikipita wiki moja bila jibu, mwalimu asiandike ya pili yenye maneno yale yale makali zaidi. Atafute njia nyingine: jirani, ndugu wa mtoto katika darasa jingine, mwanakamati wa wazazi anayekaa mtaa ule. Kunyamaza kwa mzazi ni habari pia, kwamba njia ya kwanza haikufika.

4. Buletini ielezwe, isigawiwe tu

Mwisho wa muhula mtoto anapewa buletini. Imejaa safu, alama na asilimia, na zile za kushindwa zimeandikwa kwa wino mwekundu. Wazazi wengi hutafuta kitu kimoja tu, wino mwekundu. Wakiuona wanachukua fimbo. Wasipouona wanatia sahihi. Hivyo muhula mzima wa kazi ya mwalimu unaishia katika sahihi au fimbo.

Yafaa mwalimu aeleze mambo matatu. La kwanza, kwamba mtoto anahitaji nusu ya alama, yaani 50 kwa 100, ili apite. La pili, alama ya muhula huu ilinganishwe na ile ya muhula uliopita wa mtoto huyo huyo, siyo na ya mtoto wa jirani. Aliyetoka 38 akafika 46 bado hajapita, lakini amefanya kazi, anastahili sifa. La tatu, jambo moja la kufanya nyumbani. Tunasema moja. Mzazi akipewa mashauri kumi hatafanya hata moja. "Kila jioni amsomee bibi ukurasa mmoja kwa sauti." "Akienda sokoni na mama, yeye ndiye ahesabu chenji." Mambo hayo hayahitaji mzazi ajue Kifaransa, wala hayahitaji pesa.

5. Mkutano uwe wa kusikilizana

Mikutano ya wazazi tunaijua. Imeitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi, wakati baba yuko mgodini na mama yuko sokoni na makala yake. Wanakuja wachache. Mkubwa wa shule anasimama, anaongea saa moja na nusu. Orodha ya wenye madeni inasomwa mbele ya watu. Mwishoni anauliza, "Kuna swali?" Hakuna swali. Anaandika katika ripoti: wazazi wamekubali yote.

Sisi tukiitisha mkutano wa wafanyakazi namna hiyo, mara ya pili tungekuta viti vitupu. Haya ndiyo tunayoyafuata, na walimu wakipenda wayajaribu:

Saa ya mkutano iulizwe kwa wazazi. Penye zamu za mgodi, siku moja haiwatoshi wote. Heri mikutano miwili mifupi, mmoja asubuhi kwa walio zamu ya usiku, mwingine jioni kwa walio zamu ya mchana.

Mkutano uwe wa darasa moja kuliko wa shule nzima. Mtu anayenyamaza mbele ya wazazi mia tano ataongea mbele ya thelathini.

Viti viwe duara kama inawezekana. Baba mzima amekunja magoti katika benchi la mtoto wa darasa la kwanza, na mwalimu amesimama na chaki mkononi, atajiona yeye ndiye mwanafunzi.

Wazazi waseme kwanza. Swali zuri la kufungulia ni hili: "Mtoto wako akirudi nyumbani anasema nini juu ya shule?" Hapo mwalimu atasikia mambo ambayo hakuna mkaguzi angemwambia. Kwamba watoto wadogo wanaogopa vyoo. Kwamba wasichana wa darasa la sita wanasumbuliwa njiani. Kwamba mtoto fulani haji Jumatatu kwa sababu siku hiyo kaptula yake inafuliwa.

Jina la mtoto au la mwenye shida lisitajwe mbele ya wengine kamwe. Na mkutano usimalizike bila kusema: tumekubali hili, fulani atalifanya, kabla ya siku fulani. Mkutano wa pili uanze na hesabu ya lile la kwanza.

6. Kumfuata mzazi nyumbani

Kuna wazazi wasioweza kufika: mjane mwenye wagonjwa, bibi anayelea wajukuu, mtu mwenye aibu ya nguo zake. Hao mwalimu akiwafuata mara moja katika mwaka, hawatasahau.

Lakini kuna adabu yake. Atoe habari mapema, asifike kama mwenye kudai kodi. Asifike saa ya bukari, mama asije akahangaika kumtafutia mgeni chakula ambacho hakipo. Akiingia katika lupango, asitembeze macho ndani. Aanze na salamu ndefu kama ilivyo desturi, na aulize habari za jamaa. Aseme lililomleta, kisha aage. Zawadi asiipokee, hata yai, kwa sababu jirani anayetazama atasema, "Primi imerudi kwa mlango wa nyuma." Mwalimu mwanaume yafaa aende na mwenzake, na mwalimu mwanamke vilevile, kwa usalama na kwa heshima.

Akiwa huko ataona mwenyewe yale ambayo darasani aliyaita uvivu. Ataona nyumba isiyo na taa. Ataona mtoto anayebeba maji safari sita kabla ya masomo. Hataweza kuondoa umaskini ule, lakini ataacha kumpiga mtoto kwa kuchelewa.

7. Telefoni ina faida na hatari

Siku hizi karibu kila lupango lina telefoni moja. Walimu wengine wamefungua kundi la WhatsApp kwa darasa zima. Ni vizuri kwa habari ya wote: kesho hakuna masomo, mtihani ni tarehe fulani. Lakini wazazi wengi wana telefoni ndogo isiyopokea kundi, na wengine hawana unite mpaka siku ya mshahara. Habari iliyowekwa kwenye kundi peke yake imewafikia wenye kujiweza tu. Ibandikwe pia kwenye mlango wa shule.

Jambo la mtoto mmoja lisiwekwe kundini hata siku moja. Apigiwe mzazi mwenyewe. Mwalimu asiye na unite apatane na wazazi juu ya kubipu: mwalimu akibipu mara moja, mzazi apige. Na saa iwekwe. Mwalimu naye ana watoto wake, hawezi kupokea simu saa nne za usiku. Sisi wa sendika tunasema wazi kwamba kumpumzisha mwalimu ni haki ya kazi.

8. Habari ngumu isemwe namna gani?

Zipo siku ambazo hakuna neno jema la kusema. Mtoto ameiba, amepigana, hajaja shuleni wiki mbili. Hapo utaratibu wetu ni huu.

Mwalimu aseme alichokiona, siyo anachokifikiri. "Hakuja siku tisa mwezi huu" ni jambo la kuhesabika. "Mtoto wako ni mhuni" ni tusi, na baba atalijibu kama tusi. Kisha mwalimu aulize, anyamaze, angoje: "Nyumbani mnaonaje?" Mara nyingi mzazi anajua sababu ambayo mwalimu haijui. Tunajua kijana aliyekosa siku tisa kwa sababu alikuwa akiosha mawe ya madini ili mdogo wake alazwe hospitali. Mwisho wakubaliane jambo la mwalimu na jambo la mzazi, kila mmoja lake, na siku ya kuonana tena.

Wakishindwana, wasipigiane kelele mbele ya watoto. Kila shule ina kamati ya wazazi, na ina baraza la uongozi ambamo wazazi wana wajumbe. Vyombo hivyo si vya kukusanya michango tu. Wapeleke neno lao huko, na kila mmoja akitaka aje na delege wake.

9. Wakati wa mgomo

Hapa tunawaambia walimu wenzetu neno la ndani. Septemba 2024, mwaka wa masomo ulipoanza, walimu wa majimbo kadhaa waliweka chaki chini wakidai mshahara unaomwezesha mtu kuishi. Dai lilikuwa la haki. Lakini mahali pengi mzazi alijua habari ya mgomo siku mtoto alipofika shuleni akakuta mlango umefungwa. Alikasirika na nani? Na mwalimu. Wakubwa wakafurahi, maana wazazi walifanya kazi yao bila kulipwa.

Mwalimu aliyeongea na wazazi mwaka mzima juu ya watoto wao anaweza kuwaita kabla ya mgomo na kuwaambia: "Mshahara wangu ni huu. Natoa huu kwa nyumba, huu kwa chakula. Ninadai hiki. Siku tutakapopata tutalipa masomo yaliyokosekana namna hii." Wazazi hao ni wafanyakazi, wanajua mshahara mdogo ni kitu gani. Watasimama naye. Lakini mwalimu anayewatafuta wazazi siku ya mgomo tu, watamwambia, "Tunakufahamu wapi?"

Na mzazi naye?

Maongezi ni ya watu wawili. Mzazi asingoje kuitwa. Apite shuleni hata mara moja kwa muhula, asalimie, aulize, "Mwalimu, mtoto wangu anaendeleaje?" Asiingie darasani akifoka mbele ya watoto, maana akimvunja mwalimu pale, nani atamfundisha mtoto kesho? Mtoto akileta mashitaka juu ya mwalimu, asikie upande wa pili kabla ya kuhukumu. Kukiwa na msiba, ugonjwa au safari nyumbani, amjulishe mwalimu. Na kama hajui kusoma, aseme bila haya. Kutojua kusoma si kosa lake. Kosa ni kuificha karatasi.

Kazi ya sendika

Kwa upande wetu tunapendekeza mambo matatu kwa kila sehemu ya sendika. La kwanza, delege wa walimu adai kwamba saa za kuonana na wazazi zihesabiwe kuwa saa za kazi, siyo mzigo wa bure juu ya mwalimu mwenye watoto sabini. La pili, delege wa migodini na wa viwandani wadai ruhusa ya saa chache kwa mfanyakazi mwenye mwaliko wa shule, bila kukatwa mshahara. Neno hilo liingizwe katika mapatano yanayofuata. La tatu, mara moja kabla ya Krismasi, walimu na wazazi walio wanachama wakutane katika ofisi ya sendika, mahali ambapo hakuna benchi za watoto wala meza ya mkubwa.

Yule baba wa mgodini leo ni mwanakamati wa wazazi. Kazi aliyojichagulia ni moja. Mwaliko ukitoka shuleni na jibu lisirudi, yeye huupeleka kwa mguu mpaka nyumbani na kuusoma kwa sauti. Neno lake la kwanza mlangoni ni lile lile kila mara: "Msiogope, si habari ya pesa."

Ndugu walimu, ndugu wazazi, tusingoje kilio kituketishe benchi moja.

Umoja ni nguvu.